Barua kwa mwanangu: Je, Sudi anastahili yaliyompata?

Mwanangu mpendwa,

Skripti yako nimeisoma yote, kurasa 96, pamoja na swali uliloliambatanisha. Unasema Sudi, mpinzani wa mhusika wako mkuu Faraja, anaudhi kila anapotokea, na wenzako walioisoma wamegawanyika: baadhi wanaona adhabu uliyompa mwishoni haitoshi, wengine wanaona umemwonea. Unataka kujua kama mhusika wa namna hiyo, kwenye filamu ya kuchekesha, anastahili kuadhibiwa hata kidogo.

Anastahili kulipia alichokitenda. Alivyo, hapana. Kuudhi watu si kosa la kumpotezea mtu maisha yake, hata kwenye filamu, na watazamaji wanalijua hilo hata kama hawawezi kulieleza. Wanalionyesha kwa kunyamaza pale ulipotaka wacheke.

Chukua daftari, gawa ukurasa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andika kila jambo alilolifanya Sudi kwa hiari yake huku akijua linamuumiza mtu. Kulia andika kila alichokipoteza. Majivuno, kukatiza watu maneno, miwani ya jua ndani ya ofisi, vyote hivyo usiviandike kushoto, kwa sababu hizo ni tabia. Nimekufanyia hesabu hiyo. Kushoto limebaki jambo moja: ukurasa wa 41 anaiba mpango wa Faraja na kuupeleka kwa mkurugenzi kama wake. Kulia kuna manne: anaumbuka mbele ya bodi, anafukuzwa kazi, mchumba wake anamwacha, kisha anatumbukia bwawani na suti yake. Moja kwa manne. Hao wanaomhurumia Sudi wamepatia.

Na wale wanaosema haitoshi? Nao wameona kitu, ila wamekosea mahali kilipo. Wizi wa ukurasa wa 41 unachukua mistari sita, na ukurasa wa 42 tumesharudi kwenye utani wa mlinzi na mwavuli. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote linapita kwa sekunde chache bila kumwona aliyeumia. Mtazamaji hajaandikiwa deni, halafu mwishoni unamwonyesha malipo. Ndiyo maana anataka nyongeza, na ukimwongezea adhabu atataka nyingine. Mpe kwanza hasara ya Faraja. Nusu ukurasa inatosha: yuko kiti cha nyuma ukumbini, michoro yake inapita ukutani, na neno alilolikosea tahajia lipo vilevile, Sudi hata hakulisahihisha. Usimpe Faraja neno la kusema hapo. Mwache aone.

Hapo hapo ndipo adhabu inapozaliwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na katika vichekesho hiyo ni kanuni ya kazi: anguko la mpinzani litoke kwenye mtego wake. Kwa sasa bodi inaujua ukweli kwa sababu mhudumu alisikia maneno kwa bahati. Bahati inaruhusiwa kumtia steringi, yaani mhusika mkuu, matatani. Ikimtoa, inamnyang'anya ushindi wake. Jaribu hivi: ukurasa wa 20, Faraja anajaza safu ya tarakimu za muda tu, za kushikilia nafasi, akisema atazibadilisha Ijumaa. Ukurasa wa 41 Sudi anauchukua mpango kabla ya Ijumaa. Ukurasa wa 85 mjumbe wa bodi anauliza, kwa upole kabisa, hizo tarakimu zimepatikanaje. Sudi anaanza kueleza, na kadiri anavyoeleza kwa kujiamini ndivyo anavyojifukia. Hakuna aliyemsukuma. Angalia tu tarakimu zionekane mara tatu: zinapoandikwa, zinapoibiwa, zinapoulizwa. Mara mbili watu husahau. Mara nne wanakuwahi.

Adhabu asiitoe Faraja kwa hasira. Akipanga kumwaibisha mtu, naye anaingia kwenye safu ya kushoto, na filamu inapata deni jipya.

Kwenye Twelfth Night ya Shakespeare, tamthilia iliyochezwa London tarehe 2 Februari 1602, yumo msimamizi wa nyumba aitwaye Malvolio. Ana majivuno, hapendi furaha za wenzake, anawakemea wanapokunywa na kuimba usiku. Wanamwandikia barua ya uongo kwa mwandiko unaofanana na wa bibi mwenye nyumba, naye anaamini anapendwa, anavaa soksi ndefu za manjano, anatabasamu siku nzima. Hadi hapo adhabu inalingana na majivuno yake, maana barua ile isingemwingia mtu mnyenyekevu. Kisha wanamfungia kwenye chumba cha giza wakimwita mwendawazimu, na hapo mizani inapinduka. Mwishoni anaondoka akiapa kuwalipiza wote, na bibi mwenyewe anakiri kuwa ameonewa vibaya. Shakespeare alijua alichokifanya, aliacha uchungu huo kwa makusudi. Wewe ukitaka watu watoke wakiwa wepesi wa moyo, ishia kwenye soksi, usifike kwenye chumba cha giza.

Kwa hiyo bwawa libaki. Aibu ndogo ya mwili ni malipo halali ya majivuno, na haihitaji deni kubwa. Ila ihamishe: ukurasa wa 30, kabla ya wizi. Ikikaa mwisho, baada ya kuumbuka, inaonekana ni kumpiga aliyekwisha anguka. Na uipige kwa picha ya mbali, mwili mzima uonekane, ukingo wa bwawa na maji vionekane. Ukisogeza kamera hadi usoni wakati anaanguka, tutaona hofu, na hofu ya mtu haichekeshi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake Poetics aliliweka wazi: kinachochekesha ni kasoro isiyoleta maumivu wala maangamizi. Mhariri wako ana fremu 24 kwa kila sekunde, na tofauti ya kicheko na huruma huwa fremu chache tu. Asikate maji yanaporuka. Asubiri Sudi aibuke, arekebishe miwani yake kana kwamba alikusudia kuogelea, kisha akate. Akibaki Sudi yule yule, tunajua hajaumia.

Mchumba ndiye anayenisumbua zaidi. Hana sini, yaani onyesho, yoyote kabla ya ukurasa wa 90, anatokea ili amwache Sudi tu. Huyo umemgeuza kuwa zawadi inayonyang'anywa mshindwa, na hadhira ya kike italiona hilo mara moja. Ama umwondoe kabisa, ama umpe sini mbili za mapema na sababu yake mwenyewe, isiyohusiana na kushindwa kwa Sudi. Mimi ningemwondoa.

Mfano wa mizani iliyokaa sawa ni Legally Blonde ya 2001. Ndani yake mna wapinzani wawili. Vivian anamdharau Elle, mhusika mkuu, na hata kumdanganya aende kwenye sherehe ya kawaida akiwa amevaa vazi la mzaha. Lakini anabadilika mbele ya macho yetu, na mwishoni ni rafiki yake. Warner, aliyemwacha Elle kwa kumwona hafai, habadiliki, naye maandishi ya mwisho yanatuambia amehitimu bila heshima za juu, bila mpenzi na bila ajira. Hakuna aliyemtendea hayo, ni sentensi chache kwenye skrini, na filamu haisimami kumcheka.

Utaniuliza kuhusu wapinzani wasiokuwa na kosa lolote, maana wapo. His Girl Friday ya 1940 ina Bruce, mchumba mpole wa Hildy, mhusika mkuu wa kike. Anakamatwa mara tatu kwa hila za Walter, mume wa zamani wa Hildy: mara anasingiziwa wizi wa saa, mara kumsumbua mwanamke, mara anakutwa na noti bandia. Hastahili hata moja. Inapita kwa sababu maneno yanakwenda kasi kupita kawaida, kukamatwa kwake tunakusikia zaidi kwa simu kuliko kukuona, na filamu haijidai kuwa Walter ni mtu mwema. Ukitaka njia hiyo, lazima steringi wako awe laghai tangu ukurasa wa kwanza. Faraja si laghai.

Wazo kwamba mkosaji lazima aonekane akiadhibiwa lina mizizi Hollywood pia, kwenye kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi zilipoachwa 1968. Kanuni hizo zilihusu uhalifu na uovu. Miwani ya jua ofisini haikuwamo. Mwenzako anayekuambia kuwa sheria ya filamu inadai Sudi afukuzwe kazi, mwulize ni kosa gani, ukurasa wa ngapi.

Jambo dogo: mpe Sudi kitu kimoja anachokiweza kweli. Kumshinda asiyejua lolote si ushindi.

Ukishapata mkato wa kwanza wa filamu, waonyeshe watu kumi au kumi na watano wasiokufahamu. Kaa pembeni, mahali unapoona nyuso zao badala ya skrini, na uandike dakika kicheko kinapokatika. Baadaye usiwaulize kama adhabu inatosha, kwa sababu kila mtu atakupa maoni. Waulize: "Sudi alimfanyia nini Faraja?" Wakisema "anajisikia sana" tu, tatizo liko katikati ya filamu, usiguse mwisho. Wakitaja wizi kwa uchungu, umeshamaliza kazi ngumu.

Kufukuzwa kazi kukate. Ukurasa wa 94 mwache ofisini, meza ile ile, Faraja akiingia kama meneja. Mpe Sudi sentensi moja, na isiwe ya kuomba radhi, maana hatutamwamini. Aendelee kumsimulia mgeni jinsi mpango ulivyofana, kwa majivuno yake yote, ila safari hii amtaje aliyeuandika.

Anza na kurasa za 20, 41 na 42, unitumie hizo tatu peke yake. Za mwisho usiziandike upya mpaka hizo zikae sawa.

Mama yako