Nilirudi Barafuni, Ila kwa Zamu Fupi

Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: "Mwili ukikuonya, mchezo unauacha au unaurudia?" Mimi niliurudia wangu, hoki ya barafu, baada ya mshtuko wa moyo, na naamini wengi wenye hali kama yangu wanaweza kuurudia. Tatizo ni kwamba mazungumzo yenyewe tunayakwepa. Tunaongea vifaa. Wanaume wakiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo watabishana kuhusu makali ya viatu nusu saa nzima, na mwenzao aliyetoka hospitalini juzi ameketi katikati yao, hakuna anayemuuliza daktari alisemaje.

Mchezo wangu ni hoki ya barafu. Ndiyo, hapa hapa Nairobi. Si ile ya City Park tuliyozoea, ya magongo na nyasi bandia. Kiwanja cha barafu kiko ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, tangu 2005. Vijana wa timu ya Ice Lions ndio waliotutangaza: mwaka 2018 walialikwa Kanada, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina makubwa kabisa ya mchezo huo, wakacheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Sisi si hao. Sisi ni kikundi cha wazee wa jioni: mhasibu, fundi wa umeme, mwalimu mstaafu, na wengine ambao tumbo hutangulia kufika kwenye kona kabla yao.

Moyo haukunikamatia barafuni. Ulinikamatia kwenye ngazi za ofisi, Industrial Area, asubuhi, mkononi nina faili tu. Uzito katikati ya kifua, ukapanda hadi kwenye taya, kisha jasho la baridi. Wenzangu wakanipakia garini. Hospitalini walikuta mshipa mmoja wa moyo umeziba, wakauzibua na kuuwekea stenti, kile kiwavu kidogo cha chuma kinachouzuia mshipa usijifunge tena. Yaliyobaki ni ya kawaida: vidonge, kupunguza chumvi, na shemeji aliyekuja kunitazama akinisimulia wote anaowajua waliokufa kwa moyo.

Nikiwa bado nyumbani, simu zikaanza. "Mzee, viatu vyako umevitunza? Visishike kutu." Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kunijulia hali, nami sikuichukia. Halafu wakaanza kunishauri ninunue viatu vipya, vyepesi, eti vitausaidia moyo.

Katika hilo hawakukosea sana, maana kiatu ndicho kinachoamua unatumia nguvu kiasi gani. Kiatu cha barafu kina chuma chini, na chuma hicho hakina makali mamoja kama kisu. Kina makali mawili, la ndani na la nje, na katikati yake mfereji mwembamba uliochongwa kwa jiwe la duara. Duara la jiwe likiwa dogo, mfereji unakuwa wa kina na chuma kinang'ang'ania barafu. Likiwa kubwa, mfereji unakuwa wa juu juu nawe unateleza kwa wepesi. Wengi huchongewa kwa duara lenye nusu kipenyo cha nusu inchi. Kiwanja chetu ni kidogo mno ukilinganisha na cha kimataifa chenye urefu wa mita 60, kwa hiyo kila baada ya hatua chache kuna kona, na kila mtu hutaka makali yanayong'ata. Lakini makali yanayong'ata yanadai mapaja: kila kusimama ni kupambana na barafu. Baada ya stenti nikahamia robo tatu ya inchi. Kona zangu sasa ni pana, vijana hunicheka, ila kwa msukumo mmoja naenda mbali kuliko zamani.

Makali yaliyokufa ndiyo mabaya zaidi. Unasukuma, kiatu kinachepuka pembeni, nguvu imepotea na huendi popote, kwa hiyo unasukuma tena kwa hasira. Moyo ndio unaolipia. Kuna mwenzetu aliyepeleka viatu vyake kwa fundi wa kunoa visu, wale wanaozunguka mitaani na jiwe juu ya baiskeli. Fundi alifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa: akauondoa mfereji wote, chuma kikawa bapa kama rula. Jamaa aliingia barafuni akaondoka kama sabuni. Anayetaka kukagua kazi ya fundi ageuze kiatu, achukue shilingi kumi na kuilaza kukatiza juu ya makali mawili, kisha atazame kwa nyuma kiatu kikiwa sawa na macho. Sarafu ikiinamia upande mmoja, kali moja liko juu kuliko jingine, na ndiyo maana kila ukikata kona ya kushoto unaanguka. Na ukitoka barafuni, ufute chuma kwa kitambaa kikavu kabla hujavua hata jaketi.

Kuhusu saizi, wageni wote huchukua kubwa. Kiatu cha barafu huvaliwa namba moja au moja na nusu chini ya kiatu cha kawaida, soksi nyembamba, kidole gumba kikigusa mbele kidogo. Kikicheza mguuni, kifundo kinalegea na unacheza ukiwa umejikaza mwili mzima. Basi, vifaa vimetosha.

Daktari wangu alinisikiliza nikieleza haya yote, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwenzangu aliyewahi kuliuliza: "Ukiingia, unakaa ndani muda gani kabla ya kupumzika?"

Alikuwa amekwishanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya zimebandikwa kifuani, ambapo kila dakika tatu kasi na mwinuko huongezwa huku wakiangalia umeme wa moyo kwenye skrini. Nilifaulu vizuri. Lakini akanieleza kwamba mashine hupanda polepole, na hoki haipandi polepole. Umesimama, kisahani, ule mpira bapa tunaougombania, kinatupwa, na ndani ya sekunde chache unakimbia kwa nguvu zako zote. Halafu unasimama ghafla. Halafu tena. Juu yake uongeze ubaridi: umetoka kwenye jua la Barabara ya Mombasa ukaingia chumba cha barafu, na baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Isitoshe Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe si nzito.

Saa yangu ya kupima mapigo nayo aliniambia nisiitegemee. Ile hesabu ya 220 toa umri, ambayo kila mtu wa gym anaijua, haina maana kwa mtu anayemeza dawa za kupunguza mapigo kama bisoprololi, kwa sababu dawa huyazuia mapigo yasipande. Saa itakuambia uko sawa nawe umekwisha. Akanipa kipimo cha bure: ukiwa benchi kabla ya kurudi ndani, sema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ikikushinda, bado. Sentensi yangu ni jina langu, kijiji nilikozaliwa na jina la chifu wa wakati huo. Wenzangu sasa wanamjua chifu yule kuliko watu wa kwetu.

Sasa turudi kwenye lile swali lake. Wachezaji wa kulipwa hukaa ndani sekunde arobaini na tano hivi, wanatoka, wengine wanaingia. Hao ni vijana wenye mapafu ya farasi na benchi iliyojaa. Sisi tulikuwa watatu kila upande na mmoja benchi, wakati mwingine hakuna, na kwa kuwa kila mtu amelipia saa yake ya barafu, hakuna anayetaka kutoka. Mzee wa miaka hamsini na kitu anakaa ndani dakika tano mfululizo, uso umekuwa wa kijivu, na akiambiwa atoke anasema "mara moja tu". Nimeukagua mchezo wetu kutoka kila upande na naamini hatari yake kubwa iko hapo. Kisahani hakiogopeshi hivyo, na kuanguka tumekuzoea. Tatizo ni benchi tupu.

Kwa hiyo sikurudi mpaka wenzangu walipokubali mambo mawili. Kwanza, aliye benchi ndiye anayeshika saa, na dakika ikiisha anagonga ubao kwa gongo. Unatoka, hata kama uko mbele ya goli peke yako. Kipa wetu alisema huo si mchezo, ni darasa la chekechea. Nikamwambia, "Wewe umesimama golini jioni nzima, ndugu yangu, utajuaje?" Pili, tukawafungulia vijana. Zamani tuliwakataa kwa sababu wanatuaibisha. Sasa wanatujazia benchi, na kijana wa miaka ishirini akitaka kucheza zamu mbili mfululizo, ni nani wa kumzuia?

Watu wamenitajia sana Christian Eriksen, yule mwanakandanda wa Denmark. "Si alianguka akarudi, tena akachezea Manchester United?" Kweli, alianguka Copenhagen Juni 2021 kwenye Euro, moyo ukasimama, wakaushtua uwanjani, akawekewa kifaa cha kuushtua moyo ndani ya mwili, na kwa kuwa kanuni za Italia, alikokuwa akichezea, hazikumruhusu kucheza nacho akahamia Uingereza. Kwenye hoki yuko Jay Bouwmeester, aliyeanguka benchini Februari 2020 akaokolewa kwa kushtuliwa vilevile. Yeye hakurudi kucheza. Lakini hao shida yao ilikuwa umeme wa moyo, na yangu ilikuwa bomba lililoziba. Huwezi kumuuliza fundi bomba kwa nini taa zinazimika. Anayechukua ruhusa ya Eriksen akajipa mwenyewe hajui hata anaumwa nini.

Jambo jingine lisilosemwa ni damu. Baada ya stenti unapewa aspirini na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi klopidogreli, na ukiwa umepata mshtuko wa moyo zote mbili huendelea karibu mwaka mzima. Kipindi hicho, kujigonga ukutani kwa kawaida kunakuachia alama nyeusi ya ukubwa wa sahani, na kugonga kichwa si jambo la kusema "niko poa". Mimi nilikaa nje ya hoki kipindi hicho chote. Nilikuwa nikienda kuteleza tu asubuhi, polepole, kando ya ukuta pamoja na watoto wa shule. Hata leo helmeti yangu ina wavu wa uso mzima, na mchezo wetu hauna kugongana. Kisahani ni mpira mgumu wa gramu 170 hivi, na akitokea anayekipiga kikainuka juu ya magoti tunamtoa.

Na wanaume wenzangu, kwa kuwa tuko peke yetu hapa: kama umepewa kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, na kabatini una vile vidonge vya bluu vya chumbani, mwambie daktari wazi. Viwili hivyo vikikutana mwilini presha inaweza kuporomoka vibaya sana. Daktari hatashtuka, ameyasikia yote.

Mliuliza pia, mwishoni mwa swali lenu, kama tuna ushauri kwa wenye viwanja. Ninao mmoja. Mteja akiuliza kifaa cha kushtua moyo kiko wapi, mhudumu yeyote aweze kumwonyesha kwa kidole. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kushtuliwa na bila mtu kukandamiza kifua hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu hiyo, kisha ufikirie gari la wagonjwa likiwa kwenye foleni ya Bellevue saa kumi na mbili jioni. Kikundi chetu kilichanga tukamlipa mkufunzi wa huduma ya kwanza, akaja na mwanasesere wake. Unakandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila huruma. Mwalimu wetu mstaafu alichoka kabla ya dakika mbili kwisha, ndipo tukaelewa kwa nini watu hupokezana hata hapo.

Asirudi nani? Anayebanwa kifua akipanda ngazi za nyumba yake. Anayezimia au kuona giza akikimbia. Anayeficha dawa zake kwa wenzake. Huyo wa tatu nimemwongeza mwenyewe, daktari hakumtaja. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu kuna kadi yenye majina ya dawa, dozi, tarehe ya stenti na namba ya mke wangu, na kila ninayecheza naye anajua ni mfuko upi. Hilo lilikuwa sharti la mama watoto. Sharti lake la pili lilikuwa nisinunue viatu vipya mpaka karo ya muhula ilipwe, na hilo bado tunajadiliana.