Kabla Hujanunua Arduino, Nunua Mita

Kila likizo ya skuli hunijia kijana mmoja au wawili hapa barazani Wete, Pemba, simu mkononi, video ya roboti imesimamishwa katikati. Swali huwa lile lile: "Ami, nina elfu sabini. Ninunue Arduino ipi?" Anataka kile kibodi chenye kompyuta ndogo ya kuendeshea roboti. Nami humjibu anunue mita, chombo cha kupimia umeme. Wengine huondoka wamenuna, maana mita haiwaki taa za rangi wala haikimbii sakafuni. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nilinunua mita baada ya mwaka mzima wa kuchezea saketi, na mwaka ule ulinila pesa.

Mtaani kwetu maji ya bomba huja usiku, na si kila usiku. Yakija, mtu anawasha pampu, anajilaza kidogo, usingizi unampitia, tangi linafurika. Maji yangu yalikuwa yanateremka ukutani kwa jirani yangu, bibi mtu mzima asiyependa makuu, lakini saa tisa za usiku utamsikia: "Mwanangu, unanibomolea nyumba!" Nikaona aibu. Nikaamua kutengeneza kengele ya tangi.

Saketi yenyewe ni ndogo kuliko jina lake. Transista moja ya BC547, yaani swichi inayofunguliwa na umeme kidogo, rezista moja ya kupunguza mkondo, king'ora kidogo, betri ya volti 9, na nyaya mbili za shaba zinazoning'inia karibu na mdomo wa tangi. Maji yakizigusa zote mbili, umeme kidogo unapita ndani ya maji, transista inafunguka, king'ora kinalia. Nikaweka na swichi ya kukinyamazisha. Usiku wa kwanza kililia, nikazima pampu, nikalala kama mfalme.

Kwenye wiki ya pili kikanyamaza. Nikasema transista imekufa, nikabadilisha. Kimya. Nikabadilisha tena. Ya tatu niliiagiza Unguja, nikangoja boti, nikaiweka, wapi! Nikaanza kuilaumu saketi, kisha aliyeichora, kisha duka. Mwisho nikaenda kwa ami yangu, fundi redio wa siku nyingi, nikiwa na kile kibodi kwenye mfuko wa plastiki. Hakugusa transista. Alichukua mita, akaweka ncha mbili kwenye betri: volti 6 na ushei. "Hii imechoka." Akaweka betri nyingine, bado kimya. Akageuza mita kwenye mlio, pale inapolia ncha zake zikiwa zimeungana, akashika ncha moja huku na nyingine kule kwenye ule waya wa upande wa chanya. Haikulia. Waya ulikuwa umeliwa ndani ya maji, umebaki ganda la plastiki lenye unga wa kijani. Kazi yote ilichukua kama dakika mbili, nami nilikuwa nimeshahangaika mwezi.

Kilichotokea ni hiki. Swichi yangu ilikuwa inakata king'ora tu. Tangi likiwa limejaa, umeme uliendelea kupita ndani ya maji usiku na mchana, kimya kimya. Umeme wa upande mmoja ukipita kwenye maji, waya wa chanya huyeyuka pole pole, na maji yetu tunachanganya na ya kisima chenye chumvichumvi, kwa hiyo kazi inakwenda haraka. Ami alipima mkondo wenyewe: kama miliampia 2. Betri ya volti 9 nzuri hubeba takriban miliampia 500 kwa saa moja. Gawa: saa 250, yaani siku kumi na kitu. Ndiyo maana ilikuwa inakufa kwenye wiki ya pili. Hesabu ya darasa la tano, ila bila mita huna cha kugawanya.

Basi, mita ipi? Ile ndogo ya bei ya chini inayoandikwa DT-830 inatosha kuanzia, lakini tazama herufi ya mwisho. Aghalabu zenye B hazina mlio, zenye D zina mlio. Usinunue isiyo na mlio hata ukipunguziwa, maana nusu ya maisha yako utakuwa unauliza swali moja tu: huku na kule vimeungana au havijaungana? Muuzaji aigeuze kwenye mlio mbele yako, mgusanishe ncha, uisikie.

Mambo matatu ndiyo nayatumia kila siku. Mlio, kwa nyaya na viungo vya lehemu. Volti za betri, kwenye alama ya 20. Na omu, kipimo cha ukinzani, kwa rezista ambazo rangi zake zimefifia au macho yangu yamefifia, moja katika hayo. Mlio na omu hupimwa saketi ikiwa imezimwa, betri imetolewa. Na tafadhali, hilo tundu la ampia 10 liogope. Ukisahau waya mwekundu humo kisha ukapima volti za betri kubwa, umeziunganisha ncha za betri moja kwa moja, na kwenye mita nyingi za bei hiyo tundu lile halina fyuzi. Mimi nimewahi kuona waya wa mita ukitoa moshi kwenye betri ya gari. Nikimaliza kupima ampia, narudisha waya mahali pake kabla sijapumua. Umeme wa nyumbani, kwenye bodi ya umeme ya nyumba na kwenye soketi, usiupime na mita hii. Mwite fundi umeme.

Chombo cha pili ni pasi ya kulehemu, ya kuyeyushia madini yanayounganisha vifaa na bodi, na hapa nitasema kwa urefu kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Zile pasi zinazochomekwa ukutani bila kidhibiti cha joto hupata moto mpaka zinaunguza bodi. Njia za shaba zinabanduka kama ngozi ya samaki. Ongeza pesa kidogo upate ya wati 60 yenye kizungushio cha joto kwenye mpini. Naiweka kwenye digrii 350 hivi. Lehemu, ambayo mafundi wetu huiita risasi, ile ya 60/40 ni bati asilimia 60 na risasi yenyewe asilimia 40, na huyeyuka kati ya digrii 183 na 190. Isiyo na risasi huyeyuka kwenye 217 kwenda juu, ni ngumu kwa anayejifunza. Kwa sababu hiyo risasi ni sumu, mimi hufanyia kazi dirishani, sili karanga mezani, nanawa kwa sabuni nikimaliza, na watoto hawachezei vipande.

Kosa la kila mwanafunzi ni kuyeyushia lehemu kwenye ncha ya pasi kisha kuipaka kwenye kiungo kama siagi kwenye mkate. Inakaa juu juu, inang'ara kidogo, siku mbili imeachia. Joto lipeleke kwenye shaba na kwenye mguu wa kifaa kwa pamoja, uhesabu mbili, kisha lehemu iguse kiungo chenyewe. Ikiyeyuka hapo, itajivuta yenyewe na kutulia kama mlima mdogo. Ikitulia kama tone la mpira, hiyo haijashika.

Ndani ya waya wa lehemu mna dawa, utomvu wa msonobari, ndiyo inayosafisha shaba na kutoa ule moshi. Bodi za zamani zinahitaji nyongeza yake. Siku moja iliniishia, nikachukua ubani wa bibi yangu nikauponda nikijua utomvu ni utomvu. Chumba kilinukia kama pana hitima, lehemu haikushika hata sehemu moja, na ncha ya pasi ikapata ukoko mweusi. Bibi aliuliza nani amefariki.

Vifaa. Usikimbilie kununua. Huku kwetu kitu kikiagizwa Dar hupita Unguja ndipo kije Pemba, na nauli ya kifurushi wakati mwingine inazidi bei ya kilichomo. Wakati huo huo uvunguni mwa kila nyumba pana king'amuzi kibovu, printa, redio ya kaseti, taa ya sola isiyowaka. Printa inakupa mota na vyuma vilivyonyooka. King'amuzi mara nyingi kina chaja nzima ya volti 12. Redio ina spika na vizungushio. Nunua utambi wa shaba wa kunyonyea lehemu, ufungue kimoja kwa wiki. Utajifunza zaidi kwenye kuchomoa kuliko kwenye kupachika.

Ila sikiliza. Kifaa kinachochomekwa ukutani moja kwa moja kina kapasita kubwa ndani, kifaa kinachohifadhi umeme, na umeme wa volti 230 ukishanyooshwa kuwa wa upande mmoja hufika karibu 325 humo. Kuchomoa plagi hakuuondoi papo hapo. Mimi huweka balbu ya kizamani ya wati 60 yenye nyaya mbili, nagusisha miguu ya kapasita, inamulika kidogo au haimuliki, kisha napima na mita kuhakikisha imeshuka kabisa. Kuna watu wanagusisha bisibisi ikalia paa! Hiyo ni kwa wanaotaka kununua bisibisi nyingine. Na televisheni ya kichogo usiifungue. Kioo chake kinahifadhi maelfu ya volti, na hakuna kifaa humo kinachostahili.

Chumvi ya hewa ya bahari. Hili hakuna video ya mzungu itakayokwambia. Bodi niliyoacha wazi dirishani kwa kaskazi moja ilikuwa na kijani kwenye kila mguu. Nikimaliza bodi naisugua kwa mswaki mkuukuu na spiriti kuondoa mabaki ya dawa, naiacha ikauke, kisha naipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mipako miwili, nikiruka swichi, soketi na tundu la king'ora. Boksi linatobolewa chini, si juu, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje. Ndani natia vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Nacheka nikikumbuka kwamba katika karne ya 19 sandarusi, utomvu uliochimbwa Mrima, pwani ya bara, ilipitia soko la Zanzibar hadi Salem, Marekani, ikatengenezwe vanishi, nami leo naazima kichupa cha dada yangu kulinda bodi ya transista mbili.

Umeme nao. Kabla ya kebo ya baharini kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010 tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, na ndugu zetu wa Unguja hawajasahau mwezi ule wa giza wa 2008 wala miezi mitatu iliyoanza Disemba 2009. Siku hizi afadhali, ila kitu chochote kinachotakiwa kufanya kazi usiku nakiwekea betri. Betri za litiamu za ndani ya laptopu mbovu, zile nene kama kidole gumba, zinafaa kama bado zina uhai. Pima kwanza: iliyo chini ya volti 2.5 usijaribu kuifufua, itupwe mbali na moto. Iliyobaki ichajiwe kwa kibodi cha TP4056 chenye kinga, kinachosimama kwenye volti 4.2.

Sasa Arduino. Siichukii. Ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikikusudiwa wanafunzi wa usanifu wasiojua elektroniki, na kwa kuwa michoro yake iko wazi, hizi nakala za bei nafuu si za wizi. Lakini pini yake moja haitakiwi kubeba zaidi ya miliampia 20, na nimeshaletewa tatu zilizokufa kwa sababu mtu amefunga mota moja kwa moja. Taa ya LED nayo ina hesabu yake: una volti 12, taa nyekundu inachukua 2, zinabaki 10, unataka miliampia 10, unahitaji rezista ya omu 1000, yaani yenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu. Kijana akiweza kuifanya hii, akalehemu, akapima na kukuta 10 au karibu na hapo, huyo namruhusu anunue Arduino hata kesho.

Kengele yangu ya sasa haina Arduino wala nyaya kwenye maji. Ina swichi ya boya: plastiki yenye sumaku inapanda na maji, ndani ya mti wake mna swichi ndogo ya kioo inayofunga sumaku ikifika. Hakuna shaba inayogusa maji, na tangi likiwa halijajaa haili betri hata kidogo. Swichi ile ni dhaifu, haikati pampu yenyewe. Nilitaka kuongeza rilei, swichi kubwa inayoendeshwa na umeme mdogo, ya kuizima pampu, bado sijafanya, nalala nikiamshwa.

Kusema kweli siku hizi siamshwi na kengele. Yule bibi jirani huisikia kabla yangu, hugonga ukuta: "Mwanangu, limejaa, zima!" Wiki iliyopita alikuja mwenyewe mchana, akakaa barazani, akazunguka zunguka na habari za mvua, kisha akaniuliza kama naweza kumfungia na yeye moja. Boya limeshanunuliwa Dar. Linangoja boti.