Kadi ya mshahara si kadi ya mkopo
Ndugu, umeuliza kama kadi uliyopewa ulipofungua akaunti ya mshahara pale Masasi ni kadi ya mkopo; siyo, kwa kuwa inakata fedha zako mwenyewe; ya mkopo huombwa kwa fomu yake, na benki hukagua hati zako za mshahara kabla ya kukupangia kikomo cha kukopa. Nimehudumu dirishani benki mjini Mtwara, nami nikichagua kadi ya mkopo ningetazama riba kabla ya zawadi za pointi, yaani alama unazopewa kwa kununua na kadi: asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni la shilingi 300,000 ni shilingi 9,000. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho ya malipo, kwa kawaida manunuzi hayatozwi riba, ila fedha taslimu ulizotoa kwa kadi hiyo kwenye ATM huanza kutozwa mara moja.