Kujitambua hakukuanza juzi

Ndugu yangu, wasema binadamu alianza kujitambua miaka 3,000 iliyopita tu, eti kabla ya hapo watu walikuwa wasikia sauti kichwani wakidhani ni miungu. Hiyo ni thiori ya Julian Jaynes, mwanasaikolojia Mmarekani, ya 1976 na mimi hainiingii kabisa, kwani hapa karibu tu Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, lilifukuliwa kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu, na hilo kaburi lina miaka 78,000 jamani, mtoto kalazwa ubavu, miguu imekunjwa, na kichwa yaonekana kililazwa juu ya kitu kama mto. Sasa mzazi amuekee mwanawe mto kaburini halafu uniambie hajitambui?