Ufunguo wa API usikae kwenye simu ya mkulima

Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, alinipigia saa moja asubuhi. "Mwanangu, leo sauti haijaja. Watu wameshabeba makreti na bei hawaijui." Ilikuwa wiki ya mavuno ya zabibu kule Hombolo, na tangazo la bei ndilo linalomfanya mtu aamue akate leo au asubiri kesho. Nikafungua kompyuta hapohapo kitandani. Salio la huduma ya sauti lilikuwa sifuri, wakati jana yake jioni lilikuwa la kutosha mwezi mzima. Mstari wa matumizi ulikuwa umelala chini siku zote, halafu saa nane usiku, saa ambayo sisi hatutumi chochote, umesimama wima kama nguzo ya umeme.

Kampuni ile siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Programu niliyowatengenezea wanachama 120 ilikuwa inachukua maandishi ya tangazo, inayapeleka kwenye huduma ya sauti na kurudishiwa Kiswahili kinachosikika, ili hata mzee asiyesoma vizuri apate habari kama wenzake. Ufunguo wa API, yaani ule mfululizo wa herufi ambao programu inaionyesha huduma ili ifanyiwe kazi, niliuweka ndani ya programu yenyewe. Niliamini kwamba ikishakuwa APK, yaani faili la kusakinishia programu kwenye simu ya Android, hakuna wa kuona kilichomo.

Mchana nikamtafuta kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayesomea usalama wa mitandao. Tukakaa kwenye kibanda cha chai karibu na chuo, nikamtumia ile APK. APK kwa ndani ni faili la zip tu. Akalifungua kama unavyofungua picha ulizotumiwa zikiwa zimebanwa, akaingia folda ya assets, akafungua faili moja refu la maandishi, akatafuta neno "key". Kompyuta ikaruka moja kwa moja hadi kwenye mstari. "Kaka, si ndio huu?" Herufi zangu zote zilikuwa pale, na chai bado inatoa moshi.

Watu wengi wanaufananisha ufunguo wa API na namba ya siri ya M-Pesa. Mimi naona ni hatari zaidi. Mtu akijua namba yako ya siri, bado anahitaji laini yako. Ufunguo wa API hauhitaji laini. Huduma haiulizi wewe ni nani wala uko wapi. Inaangalia ufunguo, inafanya kazi, inakuandikia wewe gharama. Na usihangaike kuuficha kwa kuukata vipande au kuufunga kwa fumbo ndani ya programu. Ili simu iutumie, ni lazima kwanza iuunganishe upya, na mwenye simu anaweza kuukamata hapo.

Tangu siku ile ufunguo wangu unakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohudumia programu, hautoki. Nikishaandika tangazo, seva ndiyo inayoomba sauti, mara moja, inahifadhi MP3, na simu za wanachama zinapakua ile MP3. Angalia hesabu yake. Tangazo letu lina herufi kama 400. Zamani kila simu ilijiombea yenyewe, yaani 400 mara 120, herufi 48,000 kwa tangazo moja. Sasa ni 400 basi. Lakini seva nayo usiiache wazi ikapokea maandishi yoyote kutoka kwa yeyote na kuyageuza sauti. Ukifanya hivyo umehamisha tundu, hujaliziba. Yangu inapokea maandishi kutoka kwa mtu aliyeingia kwa akaunti ya katibu au yangu tu.

Kwa huduma yenyewe nilihamia Azure ya Microsoft, kwa kuwa ina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi. Wanachama walichagua Rehema. Ukifungua huduma ya sauti pale utaulizwa eneo, na ufunguo utakaopewa unafanya kazi na eneo hilo tu. Ukichagua Afrika Kusini kisha kwenye msimbo ukaandika anwani ya Ulaya, utajibiwa 401, yaani umekataliwa kuingia, na utadhani ufunguo ni mbovu. Anza na daraja la bure, F0, lenye herufi laki tano kwa mwezi. Nalipenda kwa sababu linafanya kazi kama umeme wa LUKU: herufi zikiisha zimeisha, hakuna deni. Ukipanda daraja la kulipia, ujue kwamba bajeti unayoweka inakutumia barua pepe tu, haizimi kitu. Weka tahadhari kwenye kiwango cha chini kabisa, ipelekwe kwenye barua pepe unayoifungua kila siku.

Ufunguo ukiupata, usiubandike kwenye msimbo hata kwa "kujaribu tu." Uweke kwenye faili la mipangilio liitwalo .env huko seva, lipe ruhusa ya 600 ili akaunti nyingine za seva zisilisome, na uliandike jina lake kwenye .gitignore, orodha ya mafaili yasiyopandishwa, kabla hujapandisha chochote GitHub, mtandao wa kuhifadhia msimbo. Wengi wanapandisha kwanza, wanashtuka, wanafuta faili, wanapandisha tena na kulala usingizi. Git, programu inayopandisha msimbo huo, inatunza historia. Ufunguo uliofutwa leo bado unasomeka kwenye toleo la jana, na ziko programu zinazopekua GitHub mchana na usiku kutafuta vitu hivyohivyo. Dawa ni kuufuta ufunguo wenyewe kwenye huduma, mengine baadaye. Skrinishoti za kuombea msaada kwenye magrupu ya WhatsApp ni vilevile.

Azure inakupa funguo mbili, na wengi hawajui ya pili ni ya nini. Ni ya kubadilishia bila kukatisha huduma. Seva ikiwa inatumia ya kwanza, weka ya pili kwenye .env, iwashe upya seva, tengeneza tangazo moja la majaribio ulisikilize mpaka mwisho. Ndipo urudi ukabonyeze kuzalisha upya ile ya kwanza. Ukigeuza mpangilio huo, Rehema atanyamaza na katibu atakupigia. Na zote mbili zina nguvu sawa, kwa hiyo zifiche zote.

Kama unapokea pia sauti za watu, wakulima wanaouliza maswali kwa mdomo kwa mfano, mzigo unakuwa mzito zaidi. Huduma nyingine zinatunza historia, na mwenye ufunguo anaweza kuisoma. Sauti ya mtu inayotaja jina lake na shamba lake ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Fedha ningeweza kumrudishia katibu. Sauti ya mama aliyesimulia madeni yake ikishatoka, namrudishia nini?

Ukiwa na programu yako ambayo tayari ipo mikononi mwa watu, chukua APK yake usiku huu, ibadilishe jina iishie na .zip, ifungue, utafute neno "key" na vilevile herufi sita za mwanzo za ufunguo wako. Ukiukuta, ufute kwanza kwenye huduma, ndipo umpigie mteja umweleze. Mimi nabadilisha wa kwangu kila baada ya miezi mitatu, na tarehe nimeiandika kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani ya ofisi ya AMCOS, katibu aione.