Kemia kidato cha sita: anza na moli

Mdogo wangu, umesema uko PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), umebakiza miezi mitatu, daftari zimejaa na hujui ushike mada ipi kwanza. Shika moli, yaani kipimo cha kiasi cha dutu. Najua utasema hiyo ni ya O-level, lakini ndiyo inayowaangusha watu kwenye msawazo, elektrokemia na hata titresheni.

Ukiiweza, nenda kwenye msawazo na ukae hapo. Chukua asidi ya ethanoiki ya 0.1 M, Ka yake (namba inayoonyesha nguvu ya asidi) 1.8 × 10⁻⁵. Wengi wanakimbilia kuandika pH 1, kana kwamba ni asidi ya hidrokloriki. Wapi! Hii ni dhaifu, haiachii ioni zake zote. Zidisha Ka kwa 0.1, tafuta kipeuo cha pili: 1.34 × 10⁻³, huo ndio ukolezi wa ioni za H⁺. Chukua logi yake, geuza alama, pH ni 2.87. Rudia bila kuchungulia daftari mpaka mkono uzoee, na bafa, yaani miyeyusho ambayo pH yake haibadiliki kirahisi, hazitakusumbua sana.

Kemia ogania usiikariri. Chora ramani kwenye karatasi kubwa: alkeni kwenda alkoholi, alkoholi kwenda aldehidi, kisha asidi, na juu ya kila mshale kitendanishi chake. Yangu niliibandika nyuma ya mlango, Mbagala, halafu naipitia kichwani kwenye foleni ya daladala. Kuna mama aliniuliza naongea na nani.

Praktiko: bureti isome macho yakiwa usawa wa sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo (ule mpindo wa uso wa kimiminika), na andika 24.50, siyo 24.5.