Vitundu kwenye sahani ya meno bandia

Ndugu fundi wa Lindi, umesema sahani za akriliki (plastiki ya meno bandia) unazopika kwenye sufuria zinatoka na vitundu upande mnene wa taya la chini, ila penye wembamba ni safi. Hilo tayari linaonyesha kosa liko kwenye joto. Ungekuwa umepakia akriliki kidogo au hukubana flaski (kikasha cha chuma chenye ukungu wa plasta), vitundu vingetapakaa kote.

Monoma, yale majimaji ya akriliki, huchemka karibu nyuzi 101. Kichocheo kilichomo kwenye unga huanza kuvunjika joto likipita nyuzi 60 hivi, na kuanzia hapo akriliki inazalisha joto lake yenyewe. Penye unene joto hilo halina pa kutokea, maana plasta haipitishi joto upesi. Ukitumbukiza flaski kwenye maji yanayotokota, katikati panapita 100, monoma inachemka kabla haijaungana kuwa plastiki, na mapovu yanagandia humo.

Anza na maji ya kawaida, pandisha taratibu hadi nyuzi 74, shikilia saa 2, kisha chemsha saa 1. Hiyo ya mwisho usiikate: monoma iliyobaki hulainisha akriliki na kuwasha fizi. Nunua kipimajoto; mkono haujui 74. Ukitoa flaski, iache mezani nusu saa, halafu maji baridi dakika 15. Ukiipoza ghafla, sahani inapinda.

Vipimo ni unga 3 kwa monoma 1, kwa ujazo. Kwa joto la Lindi donge la mchanganyiko huo hukomaa haraka na monoma huruka, basi funika chombo, upakie pale tu linapoacha kunata.